Nunueni Kikapu cha Ukili
Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu hapa Rasbura, Lindi, tumehamia kwenye mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi kama karatasi. Mimi nasema hela ya kununulia mifuko hiyo tununulie kikapu cha ukili. Tia samaki wabichi na nazi mbili kwenye mfuko mbadala, mkono wake utachomoka kabla hujafika nyumbani. Kikapu nacho kuna kizuri na kibaya, kwa hiyo kipindue kwanza: ukili uwe umebanwa, mshono usiachie mwanga, na mkono uzunguke mpaka chini ya kitako, usishikizwe ukingoni tu. Harufu ya samaki ikizidi, kisuuze, ukianike penye upepo kikauke vizuri, maana unyevu ndio unaokiozesha. Na bei tusiwakandamize wasusi. Kuchana miyaa, kuanika, kusuka ukili na kuushona ni kazi ya siku nyingi, na mama anayeifanya ana watoto wa kusomesha.