Kosa Tulilolizoea



Leo nina jambo la kompyuta, ila naomba hata ndugu zangu wa sheria na uuguzi msiruke ukurasa huu.

Hapa Uingereza maabara yetu ina seva moja, watu sita tunaitumia kwa akaunti moja. Ukitaka kujua nani anaila mashine, unafungua kwenye terminali programu inayoorodhesha kazi zote zinazoendelea: namba ya kazi, jina lake, inatumia memori kiasi gani. Orodha hujiandika upya kila baada ya sekunde chache. Programu za top na htop ni za aina hiyo.

Usiku mmoja wa Januari nikaona kazi yangu imekwama. Jina lake nililiona kwa macho yangu, na namba pembeni. Nikafungua dirisha la pili, nikaamuru namba ile iuawe. Ikafa. Asubuhi dada mmoja wa maabara akaja analia: hesabu zake za siku nne zimekatika katikati. Namba niliyoiua ilikuwa yake. Skrini ilichanganya mistari, jina la kazi yangu likakaa na namba ya jirani.

Ilikuwaje? Programu nyingi za namna hii huchora skrini kwa maktaba ya curses, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, enzi za terminali za polepole. Ili kuokoa muda, maktaba hiyo hukumbuka ilichokwisha kuandika, kisha hupeleka herufi zilizobadilika tu. Ni akili nzuri, lakini ina sharti: asiandike mwingine kwenye skrini hiyo. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ikiendelea chinichini kwenye terminali ile ile, ikatapika ujumbe wa kosa, mistari ikasogea juu. Programu haikujua. Ikaendelea kubandika herufi mpya kwa kumbukumbu ya zamani.

Dawa yake ni kubonyeza Ctrl na L, skrini yote ichorwe upya. Na hapa ndipo paliponiuma. Nilipoeleza yaliyonipata, wakubwa wa maabara wakasema, "Aa, hiyo tunaijua, wewe bonyeza tu Ctrl na L." Jamani! Mlijua tangu lini? Hakuna aliyebandika hata karatasi ukutani, wala aliyewaandikia watengenezaji.

Kuna watakaosema kosa ni langu, na kwamba akaunti moja kwa watu sita nayo ni balaa. Nakubali. Lakini chombo kinachoonyesha namba ya uongo bila dalili yoyote kinastahili kuripotiwa, walau onyo liandikwe kwenye maelezo yake.

Kwa kweli sisi wanafunzi wa Kiafrika huku ughaibuni tuna ugonjwa wa kuzoea. Tunaogopa Kiingereza chetu, tunajiuliza nani atatusikiliza. Basi tukumbuke kwamba htop ilianzishwa mwaka 2004 na Mbrazili, Hisham Muhammad, na tangu 2020 inatunzwa na kundi la wajitolea. Hawaangalii pasipoti. Wanachotaka ni toleo la programu, aina ya terminali, hatua za kulirudia kosa, ulichotegemea kuona na ulichokiona. Mistari kumi inatosha. Ukiandika tu "haifanyi kazi", watakuna vichwa.

Mimi nimeshaandika ripoti yangu, na karatasi ipo ukutani juu ya kibodi: KABLA YA KUUA KAZI, CHORA SKRINI UPYA. Dada yule amenisamehe, ila siku zake nne hazirudi. Wewe msomaji, kosa gani umelizoea pale chuoni kwako, na nani ataumia kesho kwa sababu hukusema?