Nani atazitunza maktaba za Nairobi mfadhili akiondoka?

Ukarabati wa maktaba za Kaloleni na Makadara jijini Nairobi umethibitisha kwamba jengo la umma lililotelekezwa laweza kufufuliwa. Swali zito zaidi ni nani atakayeligharimia mwaka baada ya mwaka.

Maktaba hizo ni matawi ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan. Wakati wa ukoloni ilitengewa Wazungu. Baadaye ilikabidhiwa umma chini ya baraza la jiji, lakini kwa miaka mingi ikakosa fungu la kutosha.

Mwaka 2017, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, ambalo limeshirikiana na serikali ya kaunti kuzikarabati maktaba hizo.

Juhudi hizo zastahili pongezi. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaitwika kaunti jukumu la maktaba. Mshahara wa mkutubi, umeme, vitabu vipya na uhifadhi wa magazeti ya kale yaliyomo McMillan ni gharama zisizokoma, na hisani ya wafadhili ina kikomo.

Mwanafunzi wa Eastlands anayeishi katika chumba kimoja na jamaa zake hana pengine pa kusomea kwa utulivu. Gavana na wawakilishi wa wadi wanaoidhinisha bajeti wana wajibu wa kuzitengea maktaba fungu lake maalumu. Wasipofanya hivyo, rangi mpya itachakaa kama ile ya kwanza.