Malaria imerudi, au ni nyingine?

Mtoto alimaliza dawa ya malaria wiki mbili zilizopita. Leo mwili unachemka tena, na kipimo zahanati kinaonyesha mistari miwili. Wazazi wengi hapa Mbegani husema: "Ile haikuisha, dawa ni feki." Si lazima iwe hivyo.

Kipimo cha haraka hakitafuti vimelea vyenyewe, kinatafuta protini yake. Vimelea vikifa, protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa. Mtoto anaweza kuwa na nimonia au UTI huku kipimo kikionyesha malaria iliyokwisha kupona. Kwa hiyo, kama alitibiwa karibuni, damu yake iangaliwe kwa hadubini.

Vimelea vikionekana, je, ni vile vilivyoponea dawa, au mbu mwingine amemuuma? Jibu linatoka kwenye kipimo cha vinasaba, PCR. Wataalamu hulinganisha vimelea vya siku ya kwanza ya ugonjwa na vya siku homa iliporudi. Vikifanana, dawa haikuvimaliza. Vikitofautiana, ni maambukizi mapya.

PCR hutumika zaidi kwenye utafiti, si zahanati. Ndiyo inayosaidia taifa kujua kama dawa mseto bado ina nguvu. Kagera, uchunguzi wa vinasaba umeshaonyesha vimelea vyenye dalili za usugu, kwa hiyo dozi isiyomalizwa si jambo dogo.

Mzazi, shika haya:

• Dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3. Ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mpe na maziwa au chakula chenye mafuta. Usiache hata homa ikishuka.

• Andika tarehe aliyoanza dawa. Homa ikirudi, mwambie mhudumu tarehe hiyo kabla mtoto hajatobolewa kidole.

• Usikimbilie dozi ya pili duka la dawa bila kupima.

• Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida au kulegea: nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku.

Na chandarua kishushwe kila usiku. Aliyepona jana anaweza kuumwa na mbu leo.