Gari lililonyanyuliwa: Ni halali barabarani au la?

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

ANAYESAFIRI kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hupita juu ya lami kwa zaidi ya kilomita 60. Lakini akiiacha barabara kuu na kuingia katika mitaa ya Kata ya Dunda, au akielekea mashambani, hukutana na mchanga, makorongo na madimbwi ya msimu wa mvua. Ndiyo maana wamiliki wa magari madogo yaliyoundwa kwa ajili ya barabara za Japani, kama vile Toyota IST na Raum, huyapeleka kwa fundi ili yanyanyuliwe.

Kazi yenyewe si kubwa. Spesa huwekwa juu ya shokapu na gari hupanda kwa sentimita kadhaa. Wengine huweka springi ndefu zaidi. Wapo pia, hasa vijana, wanaofanya kinyume chake: hukata springi ili gari likaribie ardhi. Wenye malori nao huongeza vyuma bapa vya springi ili gari libebe mzigo bila kulala.

Swali ambalo wengi hawajiulizi mpaka wasimamishwe na askari wa usalama barabarani ni hili: je, mabadiliko hayo yanaruhusiwa, na gari la namna hiyo linaweza kupita katika ukaguzi?

Msingi wa jibu umo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Sheria hiyo inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri, na inawapa polisi mamlaka ya kulikagua na kulizuia lililo bovu. Kwa hiyo, kinachopimwa kwanza si iwapo gari limeguswa na fundi, bali iwapo limebaki salama baada ya kuguswa.

Upande wa pili ni kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kadi hiyo hutaja namba ya chasisi, injini, rangi na aina ya bodi. Mwenye gari akibadilisha vitu hivyo anatakiwa kutoa taarifa ili kumbukumbu zirekebishwe. Urefu wa springi haumo, na hapo ndipo baadhi ya wamiliki hujengea hoja kwamba wako huru.

Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Kutotajwa katika kadi kunampunguzia mmiliki kazi ya kurekebisha kumbukumbu, lakini hakumwondolei wajibu wa kuwa na gari salama.

Wajibu huo una sababu za kiufundi. Gari likinyanyuliwa, kitovu cha uzito wake hupanda, na uwezekano wa kupinduka kwenye kona kali huongezeka. Mipira ya breki huweza kuvutika, shafti hufanya kazi kwa pembe ambayo haikukusudiwa, na taa humulika machoni mwa anayekuja mbele. Magurudumu yasiposawazishwa upya, tairi hulika upande mmoja. Springi iliyokatwa huweza kuchomoka mahali pake gurudumu linapoanguka shimoni. Katika mji wa pwani kama Bagamoyo, chumvi ya bahari huongeza kutu katika vyuma hivyo.

Tatizo kubwa liko katika mpangilio wa ukaguzi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ubora wa magari yaliyotumika yanapoingizwa nchini, lakini wakati huo spesa za fundi wa mtaani bado hazijawekwa. Polisi hukagua magari na kutoa stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama, lakini mtu anaweza kupata stika leo na kulipeleka gari gereji kesho. Mabasi na daladala zina hatua ya ziada ya leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, lakini gari la binafsi halipiti huko.

Kwa malori, kipimo kiko wazi zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Vyuma vya springi vilivyoongezwa havibadilishi ukomo huo hata kidogo. Katika mizani kama ya Vigwaza, mkoani Pwani, kinachosomwa ni uzito. Kwa hakika springi ngumu humdanganya dereva mwenyewe, kwani gari halionekani kulala ilhali breki na matairi yamekwisha kuelemewa.

Nchi nyingine zimechagua kuandika mipaka. Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, haikatazi kubadilisha springi, lakini inataka kwa kawaida gari dogo libaki angalau sentimita tisa juu ya ardhi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu ukaguzi wa magari yanataja mabadiliko yasiyo salama ya springi kuwa ni kasoro.

Hilo ndilo somo kwa Tanzania. Mkazi wa Dunda anayenyanyua gari lake hafanyi hivyo kwa anasa. Anataka kufika nyumbani bila kuvunja sampo. Kumkataza kabisa ni kumwadhibu kwa ubovu wa barabara ambao hakuusababisha. Kumwacha bila kipimo kilicho wazi, hata hivyo, ni kumwacha mikononi mwa fundi asiyewajibika kwa yeyote, na kumwachia askari aamue kwa jicho tu.

Mpaka kipimo hicho kiwekwe, mmiliki mwenye busara atatumia springi zilizotengenezwa kwa aina ya gari lake, atakataa springi iliyokatwa au kuchomelewa, atasawazisha magurudumu na kurekebisha taa, na ataijulisha kampuni yake ya bima. Ajali ikitokea, swali la kwanza la bima huwa ni iwapo gari lilikuwa kama lilivyoelezwa siku ya kukata bima.