Safari ya Mbali na Ndugu wa Njiani



Siku hizi ni nadra kukuta ukoo usio na mtoto ng'ambo. Mmoja anauguza wazee Uingereza, mwingine anasoma Ujerumani, wa tatu ameolewa Marekani. Siku moja mwaliko unafika: mama, njoo umwone mjukuu. Na kwa kuwa nauli ni kubwa, tunaamua kwamba tukishatoka tuwapitie wote. Ni jambo jema. Hata Mariamu alipanda nchi ya milima kumtembelea jamaa yake Elisabeti, akakaa naye kama miezi mitatu, kisha akarudi nyumbani kwake. Lakini safari kama hii haitaki sanduku peke yake. Inataka mipango, na afya iwe ya kwanza.

Mwaka 2023 tulisafiri watatu: sisi wawili wa nyumba hii, pamoja na wifi yetu mwenye miaka 62. Tulitoka Dar es Salaam kupitia Doha hadi London, kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua. Kisha Hamburg, mji wenye udugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010, kwa rafiki tuliyesoma naye uuguzi. Mwisho Minneapolis, kwa kaka yake wifi, ambaye walikuwa hawajaonana kwa miaka 19. Yale tuliyoyaona tunakugawia.

Karatasi na saa

Viza ya Uingereza haikuingizi Ujerumani, wala ya Ujerumani haikuingizi Uingereza. Kila moja huombwa peke yake, kwa hiyo anza mapema. Viza ya Schengen, ambayo Ujerumani imo, ina hesabu yake: mgeni asikae zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, tena awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kwa Marekani, siku za kukaa huamuliwa na ofisa wa mpakani unapoingia; usihesabu kwa tarehe ya mwisho iliyo kwenye viza.

Angalia na saa ya tiketi. Ikiandikwa 01:30 tarehe 12, maana yake ni saa saba na nusu za usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwe uwanjani usiku wa tarehe 11. Ukingoja jua la tarehe 12 lizame, ndege itakuwa imekwisha kwenda.

Mkoba wa mkononi

Dawa zako za kila siku zisiende kwenye sanduku la kupakiwa chini. Sanduku likipotea, shinikizo la damu halitalingoja. Ziweke mkononi, katika vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari. Insulini hasa isiwekwe chini, maana huweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Na kwa kuwa saa hubadilika (Minneapolis wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa nane), mwenye kisukari amwombe daktari ampangie saa za kuchoma kabla hajaondoka. Mama mjamzito naye aulize shirika la ndege mapema. Mengi hudai barua ya daktari baada ya wiki 28, na baada ya wiki 36 hayampokei.

Kuhusu zawadi: Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu aingie na nyama wala maziwa. Marekani nako kila chakula lazima kitajwe forodhani. Basi acha nyama ya kukausha, peleka vitenge.

Mguu wa wifi

Jambo tunaloliona kubwa kuliko yote ni hili. Wifi ni mama mwenye haya. Alipewa kiti cha dirishani, mbali na sisi. Kwa kuwa hakutaka kuwasumbua majirani kila mara kwenda chooni, alijizuia kunywa maji, akaketi bila kuinuka karibu saa saba kutoka Doha hadi London. Siku kumi baadaye, tukiwa Hamburg, kigimbi cha mguu wa kushoto kilivimba, kikawa cha moto na kuuma. Yeye alisema ni uchovu, tukanywe chai. Sisi tulimpeleka hospitali siku ile ile. Kipimo kilionyesha damu imeganda ndani ya mshipa.

Hatari ya damu kuganda huongezeka mtu akiketi safarini kwa zaidi ya saa nne, na huendelea kwa wiki kadhaa baada ya kufika. Bonge likitoka mguuni likaingia mapafuni, laweza kuua. Walio hatarini zaidi ni waliojifungua au kupasuliwa karibuni, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, wanene, wenye saratani, na waliowahi kuganda damu. Hao wamwone daktari kabla ya safari. Kila msafiri anywe maji, achezeshe vifundo vya miguu, ainuke na kutembea kila baada ya muda. Omba kiti cha kando ya njia. Mguu mmoja ukivimba, au ukiona pumzi fupi, maumivu ya kifua au kukohoa damu, nenda hospitali mara moja.

Wifi alipewa dawa za kuzuia damu kuganda, na daktari akazuia safari ya ndege kwa wiki tatu. Bima ililipa. Tiketi zetu ziliruhusu kubadili tarehe, na viza ilikuwa bado na siku. Mwezi wa Minneapolis ukawa siku kumi, lakini kaka na dada walikumbatiana wote wakiwa hai.

Mgeni na jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la London ni kuosha vyombo, kukunja nguo za mtoto, na kumbeba mjukuu mama yake apate usingizi. Mwambie mwenyeji mapema utakaa siku ngapi, kisha ondoka siku uliyosema. Usifike na orodha ya maombi ya ukoo mzima. Huko nako kuna kodi ya nyumba na bili za umeme, na mwanao huenda anaona haya kukueleza.

Basi mama, kabla ya kununua sanduku, keti na baba watoto mjibu maswali matatu: dawa ziko wapi, bima inalipa nini, na tukikwama wiki tatu tutakaa kwa nani? Mkipata majibu, fungeni mizigo kwa furaha.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima.