Deni la Bwana Mifugo ni la Nani?

Ng'ombe wa Tanzania ni zaidi ya milioni 30. Katika Afrika nzima nchi zinazotushinda ni za kuhesabu kwa vidole. Lakini mfugaji wa Simanjiro, ng'ombe wake akishikwa na ndigana usiku, humtafuta bwana mifugo mpaka kukache asimpate, kisha hukimbilia dukani kununua dawa asiyojua kipimo chake. Twauliza: mabwana mifugo tuliowasomesha wako wapi?

Wengi wako mjini. Wanatibu mbwa wa wenye majumba, au wanauza dawa za kuku. Hatuwalaumu hao. Twailaumu hesabu waliyopewa.

Zamani Serikali ilimsomesha kijana, akimaliza ikampa kazi na kumpeleka wilayani. Kwanza vijana wetu walikwenda Kabete, Kenya. Tangu 1976 wakafundishwa Morogoro, mahali palipokuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Miaka ya 1990 mambo yakageuzwa. Mabwana wa mikopo ya kigeni walituambia kutibu ng'ombe ni biashara ya mtu binafsi, na elimu ya juu ni faida ya msomaji. Nasi tukaitikia, kana kwamba tumesahau ni nani aliyetufundisha kuhesabu mifugo yetu ili atoze kodi.

Bodi ya Mikopo ilikuja kwa sheria ya 2004. Bodi hatuikatai. Watoto wa maskini wamesoma kwa ajili yake, na fedha zikirudi husomesha wengine. Mwenye mshahara mnono anayekwepa kulipa anamnyang'anya mdogo wake, na tusisikie akijiita mzalendo.

Ubishi wetu ni huu. Mwaka 2016 makato yalipandishwa kutoka asilimia 8 ya mshahara wa msingi hadi 15. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 alikatwa 80,000. Sasa akakatwa 150,000. Tena palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, eti ya kulinda thamani ya fedha. Chukua deni la shilingi 15,000,000: tozo yake ni 900,000 kwa mwaka, yaani 75,000 kila mwezi. Nusu ya makato yamekwisha kabla deni halijaguswa! Rais Samia aliifuta tozo hiyo siku ya Mei Mosi 2021, wafanyakazi wakashangilia, nasi tukashangilia. Asilimia 15 haikuguswa siku ile.

Na asiye na mshahara je? Sheria hiyo ya 2016 ilimtaka anayejiajiri alipe asilimia 10 ya mapato yake, isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi. Aliyeandika hayo hajawahi kutibu ng'ombe wa mtu. Mfugaji hulipa mnada ukipita. Kiangazi kikiuma halipi, husema, "Mwanangu, ngoja mvua." Bwana mifugo atangoja, deni halingoji.

Watu watasema daktari wa watu naye anadaiwa, na mwanasheria pia. Kweli, na wana kilio chao: mwanasheria hana budi kupita Shule ya Sheria baada ya digrii ndipo asimame mahakamani. Lakini mgonjwa huenda hospitali mwenyewe. Ng'ombe haendi. Daktari wake, aliyesoma miaka mitano, yampasa anunue pikipiki, petroli, na sanduku la barafu la chanjo, huku shingoni ana deni la chuo.

Wala kazi yake si ya ng'ombe tu. Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia mwaka 2007 iliua watu zaidi ya 100 nchini mwetu, nayo ilitoka kwa mifugo. Anayechanja mbwa wa kijiji dhidi ya kichaa anawalinda watoto ambao wazazi wao hawatamlipa senti. Faida ni ya wote. Deni ni la mmoja. Haki iko wapi?

Mwaka 2023 mikopo ilifunguliwa pia kwa stashahada za fani chache, mifugo ikiwamo. Vema. Lakini tukiwakopesha wengi zaidi kwa hesabu ile ile, tutapata wauza dawa wengi zaidi mjini.

Twadai hivi. Daktari wa mifugo atakayekaa katika wilaya ya wafugaji apunguziwe sehemu ya tano ya deni kila mwaka, miaka mitano liishe. Anayejiajiri huko adaiwe kwa kadiri ya alichopata, bila kiwango cha chini. Wakiuliza fedha zitoke wapi, waende mnadani wakaone ushuru anaotozwa mfugaji kila auzapo ng'ombe. Waziri wa Mifugo na Waziri wa Elimu wakae meza moja. Bunge la bajeti hukutana Dodoma kila Aprili, na wabunge wa wilaya za wafugaji twawajua kwa majina. Tutasikiliza nani atasimama.