Kifaa Kilicho Karibu na Lango Hufa Kwanza

Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, huanzia katika milima ya Uluguru. Ndiyo maana suala la kufunga huko vipima mvua na vina vya mito linamhusu pia mtumishi wa umma anayeandaa zabuni akiwa ofisini Morogoro. Ninachopinga ni mazoea ya kununua vifaa vinavyofanana na kuhesabu idadi tu.

Katika mtandao wa redio zenye nguvu ndogo, vifaa hupokezana ujumbe hadi kwenye lango lililounganishwa na intaneti. Kilicho mbali hutuma chake, kisha hulala. Kilicho jirani na lango hubeba cha wote kwa betri ileile. Kikizimika, wenzake hurithi mzigo na kuisha upesi zaidi, na vya juu mlimani hunyamaza vikiwa bado na chaji.

Itifaki ya RPL, iliyotolewa na IETF mwaka 2012, huruhusu vigezo mbalimbali vya kuchagua “mzazi”, yaani kifaa cha kupitishia ujumbe. Kigezo kikiwa ubora wa mawimbi pekee, basi kwenye migongo na misitu ile kifaa kimoja chenye mahali pazuri kitakimbiliwa na wote.

Zabuni iulize: mzazi mmoja atabeba watoto wangapi? Lango la pili litakuwa wapi? Na mfadhili akishaondoka, nani atapanda kubadili betri, na kwa fungu lipi la bajeti?